KASHA TUPU?! Yule fundi wa ghorofa ya pili Kariakoo leo kanivua nguo hadharani

Wakuu, naandika nikiwa ndani ya daladala, mikono inatetemeka. Fundi mnamjua, yule ambaye feni yake inapiga kelele kuliko jenereta. Simtaji.

Nimempelekea laptopu anipigie Windows 11 upya. Kachomeka fleshi, kafika pale pa kuchagua diski, hakuna diski hata moja. Badala ya kutafuta draiva (programu ya kuifanya Windows iione diski), kaigeuza laptopu ikatazama benchi la wateja: "Jamani, mwenzenu kaleta kasha tupu!"

Kasha tupu! Kasha tupu lililowaka asubuhi nikafanyia kazi za ofisi! Benchi zima likaangua kicheko, muuza kahawa akasahau kumimina. Na shemeji yangu kasimama pembeni. SHEMEJI! Saa hizi habari imeshavuka Chalinze, inaingia Muheza.

Eti nitoe 150,000 aniwekee diski mpya ya SSD. Nimeshuka ngazi, nimesoma kwenye simu dakika kumi: mashine nyingi za Intel kuanzia kizazi cha 11 zinakuja VMD (mfumo wa Intel wa kusimamia diski) imewashwa kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine), na fleshi ya Windows haina draiva yake, ndiyo maana diski ya NVMe (aina ya SSD) haionekani. Unapakua draiva ya Intel RST, unaiweka kwenye fleshi, unaipakia palepale. Diski hiyo hapo! Kasha tupu babu yake!

mzee_wa_flopi: Si jambo geni. XP ya 2001 nayo haikuziona diski za SATA (aina ya diski) zikiwa kwenye AHCI (mfumo wa kuziendesha). Tulibonyeza F6 tukailisha draiva kwa flopi. Huyo alikuwa wapi?

chuma_ulete: Mkuu, kama ni dakika kumi tu, mbona hukusoma kabla ya kupanda ngazi?

Mleta uzi: Nimlipe halafu nisome mimi? Na hoja yangu si VMD, ni KASHA TUPU mbele ya shemeji!

kijana_wa_tandika: Zima VMD kwenye BIOS, yaishe.

mzee_wa_flopi: Taratibu. Kama anafuta kila kitu, sawa. Kama Windows ya zamani bado anaihitaji, akizima tu anakutana na skrini ya bluu.

binti_pwani: Shemeji mwenyewe alicheka au hakucheka? Hapo ndipo penye kesi.

Mleta uzi: Alicheka. Ndiyo maana siwezi kula.

mama_wawili: Afadhali wewe umechekwa. Mimi fundi friji kaniambia gesi imeisha, kachukua hela, kumbe plagi imelegea. Samaki wa elfu arobaini wote wameoza!

chuma_ulete: Pole dada. Samaki gani hao?

mama_wawili: Changu. Wa Feri.

kijana_wa_tandika: Changu wa elfu arobaini siku hizi hata ndoo hawajazi. Wale madalali wa mnadani wanatuua.

Mleta uzi: Jamani, turudi kwenye mada. KASHA TUPU!

binti_pwani: Feri uwahi kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, ukichelewa unauziwa wa jana.