Picha ya zawadi: Hail Mary ya 1975 au Immaculate Reception ya 1972?

MwanaParokia: Wakuu, habari za jioni. Kaka yangu anatimiza miaka hamsini mwezi ujao, nataka kumnunulia picha ya ukutani. Anapenda sana futiboli ya Kimarekani, tena ni Mkatoliki wa rozari kila siku, ndiyo maana nimebakiza mbili: Drew Pearson na ile pasi ya Hail Mary (Salamu Maria), au Franco Harris na Immaculate Reception (udakaji usio na doa). Bei zinakaribiana. Ipi jina lake lina mzizi wa kanisani kweli? Nalipia Ijumaa.

Kocha_Juma: Hujasema anashabikia timu gani wala anaishi wapi. Na picha ina sahihi ya mchezaji au ni chapa tu? Tutakushauri vipi?

BintiMvita: Huku tukimngoja, mimi ni Franco Harris moja kwa moja. Pittsburgh, 23 Desemba 1972, Steelers, timu ya Harris, wako nyuma 7–6, zimebaki sekunde 22. Bradshaw, mrushaji wa Steelers, anarusha, mwenzake Fuqua na Tatum wa Raiders wanagongana palepale mpira unapofika, unaruka kurudi nyuma, Harris anaudaka ukikaribia kugusa chini na kukimbia nao hadi tachidauni, yaani kuuvusha mstari wa mwisho. 13–7! Usiku huohuo shabiki akampigia simu mtangazaji Myron Cope kumpa lile jina, naye akalitaja kwenye televisheni. Limeigwa kutoka sikukuu ya Mkingiwa Dhambi ya Asili, kwa Kiingereza Immaculate Conception, ile ya 8 Desemba.

Mtani_wa_Dallas: Basi hilo ni jina la kubuniwa na shabiki. Hail Mary ni sala yenyewe. Staubach, mrushaji wa Dallas Cowboys aliyempa Pearson ile pasi, ni Mkatoliki, na baada ya mechi ya 28 Desemba 1975 aliwaambia waandishi kwamba alifumba macho akasali Salamu Maria. Yadi 50, Cowboys 17, Vikings 14.

Mzee_Kiungo: Staubach alilitangaza tu, hakulianzisha. Rudi Notre Dame, chuo kikuu cha Kikatoliki, 1922, walipocheza na Georgia Tech. Jim Crowley, aliyekuwa uwanjani, alisimulia kwamba Noble Kizer ndiye aliyependekeza wasali Salamu Maria kabla ya kujaribu kufunga, na Kizer alikuwa Mpresbiteri! Walisali, wakafunga, wakasali tena, wakafunga tena, 13–3. Mwenzao Elmer Layden alikuja kuwa kocha hapohapo, na mwaka 1935 akaiita Hail Mary pasi iliyowazamisha Ohio State 18–13. Mrushaji siku hiyo aliitwa William Shakespeare. Tazameni kilichobadilika: 1922 sala ilitangulia mchezo wowote, hata wa yadi chache. Maana ya kurusha mbali dakika za mwisho kwa kukata tamaa ilienea baada ya Staubach.

MwanaParokia: Asante mzee. Nilisahau kusema, anaishi St. Paul, Minnesota. Vikings damu.

BintiMvita: Subhanallah! Na wewe ulitaka kumtundikia Pearson sebuleni? Siku ile baba yake Fran Tarkenton, mrushaji wa Vikings, alifariki akiitazama mechi hiyo kwenye televisheni. Watu wa huko hawajaisahau.

Kocha_Juma: Na Pearson alimsukuma beki, Nate Wright. Peupe.

Mtani_wa_Dallas: Wright aliteleza mwenyewe. Waamuzi watu wazima walikuwa pale, hakuna aliyepuliza.

Kocha_Juma: Haohao waamuzi ambao mmoja wao, Armen Terzian, alipigwa chupa ya wiski kichwani kutoka jukwaani. Sitetei chupa, ni ukatili. Lakini hasira ile ilikuwa na sababu.

Fundi_Fremu: Naomba turudi kwenye kununua. Kama picha ina sahihi, kuwa makini sana. Nilimnunulia baba mkwe picha ya aina hiyo kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, yenye cheti na stika inayong'aa. Nilipofungua fremu kubadilisha kioo kilichopata ufa, nikapitisha kidole juu ya sahihi: laini kabisa. Nikatazama kwa lenzi, nikaona vidoti vya printa, wino wa kalamu hakuna. Namba ya kwenye stika haikufungua chochote. Muuzaji akanijibu kwamba kwa kuwa nimefungua fremu, nimepoteza haki ya kurudisha. Baba mkwe alikuwa amekwisha waonyesha wazee wenzake wote, na ilinibidi nimwambie. Iliniuma kuliko hela. Tafadhali ndugu, omba picha ya karibu ya sahihi, na ihakiki namba kabla ya kulipa.

MwanaParokia: Zote mbili zimeandikwa zina sahihi. Vyeti sijaviona.

Fundi_Fremu: Usilipe Ijumaa.

Mzee_Kiungo: Kwa mtu wa Vikings kuna ya tatu: Minneapolis Miracle, 14 Januari 2018. Pasi ya mrushaji Keenum kwa Stefon Diggs, yadi 61, muda ukaisha Diggs akiwa mbioni, 29–24 dhidi ya Saints. Jina alilitoa mtangazaji wao wa redio, Paul Allen, palepale.

Mtani_wa_Dallas: Wiki iliyofuata walifungwa 38–7 na Eagles. Muujiza wa wiki moja.

BintiMvita: Muujiza ni muujiza! Ila hilo si jina la kanisani, na yeye anataka la kanisani.

Mzee_Kiungo: Ndani ya timu mchezo wenyewe uliitwa Seven Heaven. Mbingu imo.

Kocha_Juma: Saba hapo ni namba ya njia anayokimbia mpokeaji, mzee.

MwanaParokia: Hiyo ya Diggs inapatikana kwa ukubwa gani? Ukuta wake ni mwembamba, upo kati ya madirisha mawili.