Hospitali inapokea bima ya serikali, madaktari waliomo ndani hawapokei. Huu ni utaratibu gani?

Wakuu, habari zenu. Nimekaa na hili wiki nzima nikitafuta namna ya kulisema kwa upole, nimeshindwa.

Baba yangu ana bima ya afya ya serikali. Amekatwa mchango tangu ameajiriwa mpaka amestaafu, hakuna mwezi aliosamehewa. Juzi juzi akapangiwa upasuaji wa ngiri. Mimi sikukurupuka. Nilitazama orodha ya hospitali zinazopokea kadi yake, nikaenda mwenyewe dirisha la bima. Dada akaichukua kadi, akaiangalia mbele na nyuma, akasema tunaipokea, mlete mzee. Nikauliza tena kama bingwa atakayempasua naye anaipokea. Akasema ndiyo. Kibali kikatoka, nikarudi nyumbani moyo umetulia.

Siku ya kumtoa wodini nikapewa bili mbili. Moja ya daktari wa usingizi, nyingine ya daktari aliyesoma picha za ultrasaundi. Nikauliza, si bima imelipa? Nikajibiwa imelipa hospitali. Hawa wawili wana mkataba wao wenyewe, na bima ya serikali hawaipokei.

Jamani! Mtu ana kitambulisho cha hospitali kifuani, anafanya kazi kwenye thieta ya hospitali, na vifaa vya hospitali. Baba alimuona kwa mara ya kwanza akiwa ameshalazwa chini ya taa, dripu iko mkononi. Mgonjwa wa namna hiyo aulize habari za kadi saa ngapi?

Daktari wa upasuaji unaweza kumchagua. Daktari wa usingizi hakuna anayemchagua. Wala wa mionzi, ambaye yuko chumba kingine anasoma picha. Wala wa patholojia, anayeletewa kipande cha nyama ya mgonjwa kwenye kichupa akipime na mwenye nacho hamjui kwa sura. Hao unawakuta humo humo ndani. Orodha ya bima inataja majengo, lakini anayetibu ni mtu, na huyo mtu hatajwi popote.

Na msiniambie haiwezekani kufanya vingine. Marekani walipotunga Medicare, bima yao ya serikali ya wazee, mwaka 1965, serikali ilitaka madaktari hawa hawa, wa mionzi, wa usingizi na wa patholojia, walipwe ndani ya fungu la hospitali. Chama cha madaktari kikapinga, wakahamishiwa fungu la pili, la madaktari wanaodai malipo yao wenyewe. Kwenye bima binafsi za huko, bili za kushtukiza kutoka kwa watu wa aina hii ziliumiza wagonjwa hadi sheria ya kuzizuia ikaanza kazi Januari 2022. Kanada nao wana sheria tangu 1984: jimbo likiacha daktari amtoze mgonjwa juu ya kile ambacho bima ya umma inalipa, serikali kuu inalikata jimbo hilo kiasi hicho hicho kwenye fedha za afya. Hapo ugomvi unabaki kwa wenye mamlaka. Mzee aliyeshonwa tumbo haumhusu.

Najua upande wa madaktari. Viwango vya bima viko chini, malipo yanachelewa, dai linarudishwa kwa sababu ya sahihi moja iliyosahaulika. Nina ndugu anayejaza hizo fomu, ananisimulia. Ni dhuluma kweli. Lakini baba yangu siye aliyepanga viwango, na mchango wake haujawahi kuchelewa.

Sasa anatakiwa kurudi kliniki, na nimeshinda kwenye simu nikitafuta daktari wa hospitali anayepokea kadi hii. Wa kwanza kwenye orodha alishahama hospitali. Wa pili anaipokea kliniki ya asubuhi, ya jioni haipokei, daktari yule yule, meza ile ile, na asubuhi imejaa. Wa tatu, aliyepokea simu aliniuliza aina ya bima kabla hata sijasema mzee anaumwa nini, na nilipoitaja nikaambiwa nafasi hakuna.

Ninachodai si kikubwa. Orodha iwe ya majina ya madaktari, hospitali kwa hospitali, na irekebishwe mtu anapohama. Kila atakayemgusa mgonjwa au kusoma kipimo chake atajwe kabla ya kulazwa, na iandikwe kama anapokea bima au la. Hospitali ikishindwa kumtaja, bili yake ilipwe na hospitali.

Mwenye uzoefu anisaidie: ulipompeleka mgonjwa wako, ulimpata vipi daktari anayepokea, na ulimuuliza nani hasa? Zile bili mbili sijazilipa bado, nimeandika barua ya kuzipinga kwa hospitali na kwa watu wa bima. Kliniki ya baba ni Jumanne. Ameandikiwa picha nyingine, na mpaka sasa hakuna aliyeweza kuniambia ataisoma nani.