Nimepewa kazi ya kuhudumia watumiaji wa mfumo, ilhali nilitaka kuandika programu: niikubali?

Kijana wa Tabata

Ndugu zangu, naomba ushauri wenu kabla ya Ijumaa, siku ambayo natakiwa kurudisha mkataba, uwe na sahihi yangu au usiwe nayo. Nilimaliza shahada ya sayansi ya kompyuta mwaka jana, na tangu hapo nimejishikiza dukani kwa mjomba wangu, Kariakoo, ambako natengeneza kompyuta na kuweka programu kwenye simu za wateja. Sasa kampuni moja ya hapa Dar es Salaam, inayouza mfumo wa kuendeshea hospitali na zahanati, imenipa nafasi katika kitengo chake cha msaada wa kiufundi, kwa mshahara wa shilingi 900,000 kwa mwezi kabla ya makato, na kwa zamu, zikiwemo za usiku.

Kazi yenyewe hainitishi. Ninachohofia ni inakonipeleka. Rafiki zangu wawili wanasema kwamba anayeanzia kwenye simu za wateja huzeekea hapo hapo. Mama naye hanielewi kabisa, kwa kuwa anaona wenzangu bado wanazunguka na bahasha za vyeti huku mimi nikijadiliana na bahati yangu. Je, nikubali, au nisubiri nafasi ya kuandika programu hata kama itachukua miezi?

Fundi wa Zamani

Mdogo wangu, nilifanya kazi hiyo miaka minne kabla ya kuhamia upande wa kuandika programu, kwa hiyo naweza kukuambia kwamba rafiki zako hawajakosea, ila wamechanganya kazi za aina mbili zenye jina moja. Katika aina ya kwanza unapewa simu na karatasi ya majibu: mteja akisema mfumo umegoma, unamwuliza kama amezima na kuwasha, na jibu lisipopatikana kwenye karatasi unapeleka tatizo kwa wengine na hulisikii tena. Katika aina ya pili unaruhusiwa kufungua hifadhidata, yaani ghala la taarifa zote za mfumo, kusoma kumbukumbu za makosa ambazo mfumo unaziandika, na kukaa na mwandishi wa programu mpaka chanzo kijulikane. Ya kwanza itakuchosha bila kukufunza. Ya pili ni shule, tena shule inayokulipa.

Nikupe mfano mmoja. Famasi moja ilikuwa ikitupigia karibu kila Jumatatu ikilalamika kwamba taarifa ya mauzo hailingani na fedha zilizomo kwenye droo. Tuliwarekebishia hesabu kwa mkono wiki baada ya wiki, mpaka nikaona kwamba risiti zilizopotea hazikuwa zimepotea, bali zilikuwa zimeandikwa tarehe ya miaka mingi iliyopita. Betri ndogo inayotunza saa ndani ya kompyuta yao ilikuwa imekufa, kwa hiyo kila umeme ulipokatika tarehe ilirudi nyuma, na mfumo wetu uliiamini bila kuhoji. Betri ilikuwa ya bei ya soda chache. Lakini ili nizipate risiti zile ilinibidi nijifunze SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, kwa bidii ambayo mhadhiri wangu hakuwahi kuiona, na nilipowaonyesha waandishi wa programu kwamba tarehe ilipaswa kutoka kwenye seva, yaani kompyuta kuu ya mfumo, wala si kwenye kompyuta ya mezani, ndipo walipoanza kuniita kwenye vikao vyao.

Kwa hiyo, kabla ya Ijumaa, uliza mambo mawili tu: mtu wa kitengo hicho anaruhusiwa kufika wapi ndani ya mfumo, na yule aliyekikalia kiti chako kabla yako yuko wapi sasa. Swali la pili ulitegee sikio zaidi, kwa sababu la kwanza linaweza kujibiwa kwa maneno matamu.

Dada wa Mishahara

Kaka, mimi nitazungumzia fedha, kwani 900,000 inayoandikwa kwenye mkataba siyo inayofika benki. Ikiwa wote ni mshahara wa msingi, mchango wako wa NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii, wa asilimia 10 utakuwa 90,000. Kodi ya mapato kwa 810,000 inayobaki itakuwa 80,500. Na kama ulisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, makato ya asilimia 15 yataondoa 135,000 nyingine. Utabaki na 594,500, na hapo hujapanda daladala.

Kuhusu zamu, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa za ziada hulipwa mara moja na nusu. Kazi ya kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi ina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa, kiasi ambacho, kusema kweli, hakifidii usingizi. Hakikisha yote hayo yametajwa ndani ya mkataba, si kwa mdomo.

Mzee wa Seva

Naona tofauti kidogo. Kama tayari una programu uliyoiandika na watu wanaitumia, hata kama ni ya kutunza stoo ya mjomba wako, subiri. Kama huna, unasubiri nini?

Kijana wa Tabata

Nashukuruni sana. Swali la Mzee limeniuma, kwa sababu duka la mjomba bado linatunza hesabu zake kwenye daftari, na mimi nipo pale kila siku.

Leo nimempigia msimamizi wa kitengo. Amesema kwamba tunaruhusiwa kusoma nakala ya hifadhidata, ingawa hatuwezi kuibadilisha, na kwamba aliyenitangulia amehamishiwa timu inayopima programu kabla hazijapelekwa kwa wateja. Nilipoomba kuzungumza na huyo mtu, alinipa namba yake bila kusita. Suala la nyongeza ya usiku halikuwemo kwenye mkataba. Wameahidi kunitumia mwingine kesho, na ukija ukiwa nayo nitatia sahihi.

Fundi wa Zamani

Vizuri. Huo mkataba mpya utaje pia usafiri wa anayetoka zamu saa sita usiku, maana kutoka huko hadi Tabata kwa bodaboda kila siku kutaimaliza hiyo asilimia 5 kabla hujafika nyumbani.