Naomba ushauri: mazungumzo ya bure na mwandishi, Maktaba ya Mkoa Dodoma

Msomaji wa Ilazo:
Wakuu, habari za jioni. Kikundi chetu cha usomaji kina watu 11 na tunataka kumleta mwandishi wa riwaya kutoka Dar azungumze na wasomaji pale maktaba ya mkoa. Hakuna kiingilio. Tunafikiria Jumamosi moja ya Mei, saa 4 asubuhi. Mfukoni tuna 350,000. Tunatarajia watu 60 hivi, wanafunzi wa UDOM na sekondari wakiwa wengi. Barua ya kuomba ukumbi iende jiji au maktaba? Ratiba tuipangeje watu wasichoke? Na mgeni rasmi anahitajika?

Karani Makole:
Ndugu, barua ni ya maktaba. Maktaba za mikoa ziko chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, iliyopo kwa sheria ya 1975, kwa hiyo anayeamua siyo jiji. Iandikwe kwa cheo, "Mkutubi wa Mkoa", bila jina la mtu, maana mtu akihamishwa barua yenye jina lake hulala. Ipeleke wiki 6 kabla. Wiki 2 hazitoshi, kwa sababu mkutubi naye huenda akahitaji kuwauliza wa juu yake.

Iwe ukurasa mmoja: nani anakuja, kitabu gani, tarehe, saa ya kuanza na ya kumaliza, idadi ya watu, mnaomba nini (chumba, viti, umeme) na nani atafanya usafi baadaye. Hilo la usafi wengi hulisahau, wakati ndilo humfanya mwenye jengo asite. Ambatanisha nakala moja ya kitabu ili wakisome wajue wanakaribisha kitu gani. Nenda na nakala 2 za barua. Moja wabaki nayo, nyingine wakugongee mhuri wa kupokelewa.

Halafu Mei muifikirie upya. Bunge la bajeti huanza Aprili hadi mwisho wa Juni, na miezi hiyo gesti za mjini hujaa na bei hupanda. Mei hiyohiyo kidato cha sita wako kwenye mtihani wa taifa. Mkiweza, sogezeni hadi Jumamosi iliyo karibu na Julai 7, Siku ya Kiswahili Duniani. Hapo hata maktaba ina sababu yake yenyewe ya kuwapokea.

Mama Vitabu Kikuyu:
Mdogo wangu, suala la ratiba ndilo linaloua shughuli hizi, acha nilieleze taratibu.

Dakika 90 zinatosha. Dakika 5 za kukaribisha, kisha mwandishi asome dakika 8, asizidishe. Ukurasa wa riwaya ukisomwa kwa sauti ya kutulia huchukua kama dakika 2 na nusu, kwa hiyo ni kurasa 3. Mwambieni wiki moja kabla azichague na kuzisoma huku akitazama saa. Mwandishi akiachiwa achague palepale atasoma nusu saa, na wanafunzi wataanza kuchezea simu. Achague sehemu yenye mazungumzo ya wahusika. Maelezo marefu ya mandhari hayashiki sikioni.

Baada ya hapo dakika 25 za mahojiano kati yake na mmoja wenu aliyesoma kitabu chote. Huyo ndiye nguzo. Aandike maswali 8 akijua huenda akatumia 5. Swali la "tueleze safari yako ya uandishi" litampa majibu aliyokwisha kuyatoa mara mia. Aulize kwa nini mhusika fulani alinyamaza sura ya 4, hapo mtasikia kitu kipya.

Dakika 35 ni za ukumbi. Hapa kuna shida mbili. Ya kwanza ni ukimya wa mwanzo, hasa kwa wanafunzi wa sekondari waliokaa na walimu wao. Gawa vikaratasi mlangoni, waandike swali bila jina, mshereheshaji aanze kwa kuvisoma hivyo. Ya pili ni mtu anayesimama kuhutubia. Msimpe mike aishike yeye. Amshikie mmoja wenu, na mshereheshaji atangaze mapema kuwa ni swali moja, sentensi mbili. Muda uliobaki ni wa kutia saini vitabu na picha.

Malizeni kabla ya saa 6:30 ili wanaowahi swala ya adhuhuri wasitoke katikati. Jumamosi itawakosesha Wasabato, nalo mlijue mkichagua siku.

Fundi Mitambo Kizota:
Kwa watu 60 ndani ya chumba, spika moja ya kusimama yenye mike 2 inatosha. Msikubali kukodishiwa mziki wa harusi. Mike moja iwe ya waya, kwa sababu ile isiyo na waya betri ikiisha hukata katikati ya neno. Nunua betri mpya asubuhi ile na jozi moja ya akiba. Spika iwe mbele ya mzungumzaji ikitazama watu, juu kidogo ya vichwa vyao. Mkiiweka nyuma yake, sauti inarudi kwenye mike na kupiga mluzi, na mkipunguza sauti kuuzuia, wa nyuma hawasikii. Ekstensheni ya mita 10, waya ubandikwe sakafuni kwa gundi ya karatasi mtu asijikwae.

Julai Dodoma ni upepo na vumbi. Msithubutu kuhamia uani: upepo unaingia kwenye mike na bango linageuka tanga. Umeme ukikatika, sogezeni viti viwe nusu duara na muendelee kwa sauti ya kawaida.

Mkazi wa Area C:
Mgeni rasmi usiweke. Akichelewa saa nzima hamuwezi kuanza, na kutambulisha meza kuu kutakula muda wote wa maswali.

Karani Makole:
Hapo nakupinga kidogo, mkuu. Mkutubi ndiye mwenyeji, lazima apewe nafasi ya kukaribisha. Ampokee mwandishi kwa dakika 3, aseme na namna ya kujiunga uanachama wa maktaba. Hiyo ni heshima inayotosha, na kiongozi mwingine akija akae na wasomaji.

Msomaji wa Ilazo:
Asanteni sana, Julai imekubalika. Nauli na malazi vikae vipi kwenye hiyo 350,000? Na wale wanaokuja kujisomea siku hiyo tutawaweka wapi?

Mama Vitabu Kikuyu:
Aje kwa SGR. Nauli ya daraja la kawaida Dar hadi Dodoma ilitangazwa 31,000 safari zilipoanza 2024, hakikisheni ya sasa na mkate tiketi mapema. Aje Ijumaa, alale usiku mmoja. Akija asubuhi ileile treni ikichelewa mmekwisha. Kinachobaki ni spika, maji, mabango ya A3 kama 15 na bahasha ya shukrani, hata kama ni ndogo. Kwenye bango andikeni wazi "bure, hakuna posho", watu wasije wakasubiri kusaini karatasi ya nauli.

Wanaojisomea wana haki kuliko sisi. Ombeni chumba cha pembeni, na kama hakipo, bandikeni tangazo mlangoni wiki nzima kabla likitaja saa kamili. Pangeni viti 40 tu, 20 vikae vimebebana nyuma. Kuongeza viti watu wakijaa ni rahisi, ila viti vitupu vya mbele humvunja moyo mzungumzaji.

Msomaji wa Ilazo:
Nimeelewa. Barua naiandika leo, Jumatatu naipeleka na kitabu.