Meli imeandikwa LUXEMBOURG nyuma, na nchi yenyewe haina bahari. Naomba kujuzwa

PantoniYaSaaMoja:
Wakuu habarini za leo. Juzi asubuhi nimo kwenye pantoni natoka Kigamboni naja Kivukoni, tukasimama kupisha meli inaingia. Ile aina ya kufyonza mchanga chini ya bahari, ina bomba nene ubavuni. Ilipotupita nikasoma nyuma: juu jina la meli, chini yake LUXEMBOURG. Bendera yake mistari ya nyeupe na buluu, katikati simba mwekundu amesimama kwa miguu ya nyuma, taji kichwani. Shemeji yangu ni Yanga damu, akaguna: "Hata baharini hawa watu hawatuachi."

Ubishi ukaanzia hapo. Yeye anasema hilo ni jina la kampuni, kwa sababu Luxembourg haina hata ufukwe wa kunawia miguu. Mimi nikasema ndipo meli iliposajiliwa. Tumewekeana bakuli la supu ya pweza pale Feri. Wenye kuijua nchi hiyo, ikoje? Na meli wamezitoa wapi? Nawasilisha.

BintiWaTemeke:
Nchi nzima watu laki sita na ushee, wakati sensa ya 2022 imehesabu Dar peke yake watu 5,383,728. Halafu wao wana meli, mimi siti ya mwendokasi sijaipata tangu Jumatatu.

MzeeNanga:
Kijana, shemeji yako alipe.

Nimepika kwenye meli ya namna hiyo miaka minne, kwa hiyo nisikilize. Nchi isiyo na bahari ina haki ya kupeperusha bendera yake baharini. Mataifa yalilikubali hilo Barcelona mwaka 1921, na mkataba wa sheria ya bahari wa 1982 ukarudia. Luxembourg ikatunga sheria ya kusajili meli mwaka 1990, na wenye meli wa Ubelgiji, majirani zao, wakahamia huko. Nyuma ya meli linaandikwa jina la mji ilikosajiliwa, hata kama mji huo haujawahi kuonja chumvi, na mji wao mkuu nao unaitwa Luxembourg. Huyo simba mwekundu ni bendera yao ya vyombo vya majini, ipo kisheria tangu 1972. Ile ya nchi ni nyekundu, nyeupe na buluu ya kupauka. Ukiitazama haraka utasema Uholanzi.

Nchi yenyewe nimeifikia. Agosti 2022 nilishuka bandari ya Antwerp, Ubelgiji, mkataba umekwisha, nina viza na siku tatu za kusubiri ndege. Nikasema miaka minne nalitazama jina hili kila nikienda kumwaga maganda ya viazi, acha nikalione. Kutoka Brussels ni treni ya saa tatu hivi.

Niliposhuka nikapanda basi, nikamwendea dereva na sarafu kiganjani. Akanipungia mkono nikakae. Nikadhani hakuelewa, nikamsogezea tena. Abiria wa kiti cha mbele akanambia kwa Kifaransa cha polepole: hapa hakuna nauli. Mabasi, tramu na treni, nchi nzima, tangu mwisho wa Februari 2020. Anayelipa ni anayetaka daraja la kwanza la treni. Nilikaa na sarafu zangu kama mtoto aliyetumwa dukani akakuta pamefungwa.

Mji wao una ghorofa mbili, nisemeje vingine. Juu mabenki na maofisi, chini kabisa bondeni mto Alzette na nyumba za zamani. Pale Pfaffenthal kuna lifti ya kioo, mita 71, inakushusha bure. Mimi baharia, lakini ile lifti nilishika chuma kwa mikono miwili. Upande wa pili mwamba wa Bock umetobolewa mahandaki ya ngome. Mwaka 1867 mkataba wa London uliamuru ngome yote ivunjwe. Kuta wakabomoa, ila mahandaki wangeyalipua yote mji ungeanguka nao, basi hadi leo zimebaki kilomita 17 hivi.

Salamu ni "Moien", asubuhi Moien, jioni Moien. Lugha yao imekuwa lugha ya taifa kwa sheria mwaka 1984 tu. Sheria zenyewe zinaandikwa Kifaransa, na mtoto shuleni anafundishwa kusoma kwa Kijerumani. Karibu nusu ya wakazi ni wageni, Wareno wengi kuliko wote, na kila siku ya kazi wanaingia zaidi ya watu 200,000 kutoka Ufaransa, Ubelgiji na Ujerumani, jioni wanarudi kwao. Fikiria Kariakoo mchana, halafu Kariakoo saa nne usiku.

Nilikuta maonyesho yao ya Agosti, Schueberfouer, yapo tangu 1340. Harufu ya soseji kila kona, na mimi nguruwe si chakula changu. Nikaona mama anakaanga kitu, nikauliza kina nini ndani. Viazi vilivyokunwa, kitunguu, majani, yai na unga kidogo. Jina lake ni Gromperekichelcher, usijaribu ukiwa na kashata mdomoni. Nje kinakatika kama bhajia, ndani laini. Wanakula na matufaha ya kupondwa, yale niliyasukuma pembeni. Kilikosa pilipili na ndimu tu.

BintiWaTemeke:
Mzee shikamoo. Sasa bandari wanayo au hawana?

MzeeNanga:
Marahaba binti. Meli kama ile haifiki kwao, haiwezi. Inazaliwa, inafanya kazi na kuzeeka bila kuiona nchi yake.

BiTranziti:
Naongezea kidogo, kazi yangu ni kugomboa mizigo ya Zambia na Kongo hapa Dar. Bandari wanayo, ya mto, inaitwa Mertert, ipo kwenye mto Moselle. Mto ulichimbwa na kuwekewa malango, ukafunguliwa 1964, matishali yanateremka mpaka mto Rhine na kutokea baharini Rotterdam. Mteja wangu wa Lubumbashi angetoa chochote apate mto wa namna hiyo, badala ya kunipigia simu saa tisa usiku lori limelala Tunduma.

Na Schengen ya kwenye viza ni kijiji chao, kwenye mto huohuo. Miaka yote nilidhani ni kifupi cha maneno fulani. Nchi tano zilitia saini hapo makubaliano ya kuacha kukaguana mipakani, Juni 14, 1985, ndani ya boti.

PantoniYaSaaMoja:
Wakuu, shemeji amesoma yote. Amelidaka la Mertert. Anasema kama bandari wanayo, mbona nyuma ya meli hawakuandika Mertert? Kwa hiyo eti ngoma droo, kila mtu ajinunulie supu yake.

MzeeNanga:
Mwambie usajili uko mjini, si mtoni. Alipe. Na asichukue pweza wa asubuhi aliyeshinda kwenye beseni, angoje sufuria ya saa kumi. Mkono mnene mmoja aniwekee, nitapita Ijumaa nikitoka msikitini.

PantoniYaSaaMoja:
Ameuliza utapita umevaa rangi gani, mzee.

MzeeNanga:
Nyekundu. Aandae na ndimu.