Kesi ya madai ililala miaka, ghafla unaletewa amri ya mahakama: tupeane uzoefu

Mtoto wa Msalato
Wakuu mbukwenyi. Mwaka 2016 jamaa alinifungulia kesi ya madai mahakama ya wilaya, hela ya mchanga na matofali, tukaenda tukaenda, mara hakimu kahamishwa, mara mdai haonekani, nikasikia kahamia Tabora nikajua basi imeisha hiyo. Leo mwenyekiti wa mtaa ananipigia njoo kuna mtu wa mahakama, napewa karatasi kingereza kitupu, binti yangu wa form three kanisomea eti nifike nioneshe sababu kwa nini hukumu isikazwe. Hukumu ipi sasa? Hii ni kesi mpya au nilishashindwa zamani? Waliopitia tupeane uzoefu.

Kizota Kwetu
Ulishashindwa mkuu. Pole sana.

Dada wa Ilazo
Msimtishe mtu. Hapo maana yake kwenye faili kuna hukumu na tuzo (karatasi ya amri inayotaja unachotakiwa kulipa) tayari, na ina zaidi ya mwaka mmoja, ndo maana wamelazimika kukuita kwanza kabla ya kukaza, yaani kukulazimisha utekeleze hiyo hukumu. Ingekuwa mbichi ungemwona tu dalali wa mahakama getini, yule anayekamata mali. Nimekaa steshenari ya jirani na mahakama miaka, hizi karatasi nimezichapa mpaka naziota. Nenda tarehe hiyo hiyo, usipotokea wanaendelea bila wewe.

Fuso la Kibaigwa
Umenitonesha kidonda ndugu yangu. Mimi nilikuwa na Fuso nabeba mahindi Kibaigwa, tukakorofishana na mwenzangu wa biashara akaenda mahakamani, nikapeleka utetezi nikahudhuria hudhuria, kesi ikapoa kabisa. Kumbe baadae ilifufuliwa, wakadai sipatikani, wito ukatangazwa gazetini, na mimi gazeti nalipatia wapi niko maporini Kiteto natafuta mzigo?? Hukumu ikatoka ya upande mmoja, mimi sipo. Sina hili wala lile. Asubuhi tunapakia, gunia zimefika nusu ya bodi, nasikia zima gari shuka chini. Dalali wa mahakama, polisi, na yule mdai kasimama kivulini anakunywa soda. SODA jamani. Vibarua hawataki kushusha mpaka walipwe, tajiri wa mahindi analia mzigo ni wake sio wangu, mama ntilie nae kaona gari inaondoka akaja kudai hela ya chai ya wiki nzima, soko lote limesimama kuniangalia. Gari ikaondoka na mahindi ya watu juu. Wakili akaniambia muda wa kuomba hukumu itenguliwe umeshapita, kwa hiyo tuombe kwanza kuongezewa muda, na wakati huo huo tuombe kukaza hukumu kusimame gari isipigwe mnada. Kilichoniokoa ni risiti za ushuru wa mazao za Kiteto, tarehe zake zinagongana na lile tangazo. Ikatenguliwa tukaanza moja, mwisho tukapatana wenyewe. Ila Fuso ilikaa yadi masika yote, betri imekufa, tairi la akiba halipo, na saitimira wamekula.

Nzuguni B
Mahindi je??

Fuso la Kibaigwa
Tajiri alifungua pingamizi kwamba mali iliyokamatwa sio ya mdaiwa, akarudishiwa. Baadhi yameshaota.

Nzuguni B
😂😂 na mama ntilie?

Mzee wa Zabibu
Mbona mnahangaika? Deni likipita miaka 6 limekufa kisheria. Kijana kaa nyumbani kunywa chai.

Dada wa Ilazo
Mzee shikamoo, ila hapana. Hiyo 6 ni ya mtu kufungua kesi ya mkataba. Huyu kesi ilishafunguliwa na hukumu ipo, kuikaza ana mpaka miaka 12.

Mzee wa Zabibu
Marahaba. Sheria umesomea steshenari?

Dada wa Ilazo
Ndiyo. Na wewe umesomea kilabuni.

Kizota Kwetu
Lipeni hela za watu bwana, matofali mmejengea.

Mama Hombolo
Mimi yangu amri ilisema shauri limeondolewa mahakamani kwa kasoro za hati ya madai. Tukashangilia, mume wangu akachinja na mbuzi. Mdai karekebisha karatasi zake kafungua tena kabla mbuzi hajaisha. Someni mpaka mwisho, kuondolewa sio kushinda.

Bahi Road
Kaka kabla hujafika hiyo tarehe hamishia pikipiki jina la shemeji.

Fuso la Kibaigwa
Usimpoteze mwenzio. Wakigundua umehamisha mali kukimbia deni unaongeza kesi juu ya kesi. Na shemeji harudishi, namjua shemeji.

Nzuguni B
Anaweza kufungwa?

Dada wa Ilazo
Gereza la madai lipo, halizidi miezi 6, na mdai ndo anagharamia chakula chako, kwa hiyo wengi wanaona hasara. Nguo, vyombo vya kupikia, vitanda na zana za ufundi wako hawakamati.

Bahi Road
Mimi ningeagiza kuku kila siku.

Mtoto wa Msalato
Asanteni wote hata wa kuku. Sasa mimi naanzia wapi, kwa wakili au mahakamani?

Dada wa Ilazo
Masjala kwanza, ile ofisi ya mafaili pale mahakamani. Taja namba ya shauri, omba kukagua faili. Angalia hukumu ilisomwa lini, kama wewe ulikuwepo au ni ya upande mmoja, wito ulipokelewa na nani na saini ni ya nani, na hela iliyoandikwa kwenye tuzo ni ngapi maana humo wanaweka riba na gharama. Omba nakala. Ukishajua hayo wakili hakuzungushi. Kama huna hela tafuta msaada wa kisheria, wasaidizi wa kisheria wanatambulika kwa sheria ya 2017.

Mama Hombolo
Na kama kweli unadaiwa sema siku hiyo unaomba kulipa kidogo kidogo, usibishe tu ilimradi.

Mzee wa Zabibu
Msilipe.

Mtoto wa Msalato
Jumatatu niko masjala. Nikiona saini sio yangu narudi hapa.

Bahi Road
Fuso la Kibaigwa, hiyo gari bado ipo? Unauzaje bila betri?