Linux imewahi kukunyima usingizi? Tupeane uzoefu

Mwenye uzi, Kisumu
Wadau, hamjambo. Naanza mimi. Nina laptopu ya mtumba niliyoiwekea Linux Mint, aina mojawapo ya Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta. Betri ilikufa zamani, inaishi kwa chaja. Jioni moja mvua ya radi ikatoka ziwani, stima ikapotea. Iliporudi nikakuta skrini nyeusi, mistari kadhaa, na mwishoni neno moja tu: (initramfs), yaani mfumo umekwama kabla ya kuwaka. Nikajua nimekwisha. Nilishashika flashi niweke mfumo upya, na picha za harusi ya dada yangu zilikuwa humo bila nakala nyingine popote. Sijui nini kilinifanya nisome mistari ya juu kwanza. Kumbe imeniandikia waziwazi niendeshe fsck (amri ya kukagua na kurekebisha mpangilio wa faili kwenye diski) kwa mkono, na diski yenyewe imeitaja: /dev/sda2. Nikaandika fsck -y /dev/sda2, nikangoja, kisha exit. Ikawaka, picha zote zipo. Zamu yenu. Makosa ya kujitakia ndiyo matamu zaidi.

Wa Kakamega
Mulembe. Yangu ni ya kujitakia. Kompyuta yangu ina Windows na Linux pamoja, na kila nikitoka Windows saa inakosea kwa saa 3 kamili. (Windows huiweka saa ya mashine kwa saa za hapa kwetu, Linux huisoma kama UTC, saa ya kimataifa, nasi tuko mbele kwa 3.) Dawa ni mstari mmoja, timedatectl set-local-rtc 1, lakini mimi kwa hasira nikazima saa ya kujirekebisha kwa mtandao. Miezi ikapita, betri ndogo ya ubao mama ikafa. Ghafla kila tovuti "si salama", apt, amri ya kusakinisha programu, nayo inasema faili "is not valid yet" (muda wake bado). Nikaamini nimedukuliwa! Nikabadilisha nywila zote kwa simu, nikang'oa waya wa rauta. Siku mbili. Ni mtoto wa jirani aliyeniuliza mbona kompyuta yako iko mwaka juzi. Betri mpya ya CR2032, ile inayotunza saa, basi.

Wa Nakuru
Wewe uliota umedukuliwa, mimi nilidukuliwa kweli. Nilifungua pota 22 (mlango wa ssh, njia ya kuingia kompyuta ukiwa mbali) kwenye rauta ili niifikie kompyuta ya nyumbani nikiwa kazini. Nilikuwa na akaunti ya majaribio, jina test, nywila test123. Nikaisahau. Wiki haikuisha, feni inavuma usiku kucha. Kuangalia top, amri inayoonyesha programu zinazoendelea, kuna kitu nisichokijua kinakula prosesa yote. Nikafungua /var/log/auth.log, daftari la wanaojaribu kuingia: watu wanabisha hodi kila dakika kwa majina root, admin, root, admin, na katikati yake "Accepted password for test" (nywila ya test imekubaliwa). Mwili ulinisisimka.

Sikujaribu kusafisha. Mtu akishaingia na kushika root, akaunti yenye mamlaka yote, hata ls, amri ya kuorodhesha faili, huwezi kuiamini. Nilifuta diski nzima. Sasa naingia kwa ufunguo wa siri niliotengeneza kwa ssh-keygen pekee, na PasswordAuthentication (kuingia kwa nywila) nimeiweka no.

Wa Bungoma
Ongezea hapo: ukibadilisha mipangilio ya ssh, usifunge dirisha ulilomo mpaka uingie kwa dirisha la pili. Mimi niliwasha ufw, ukuta wa kuzuia miunganisho ya mtandao, kwenye seva ya shule fulani kule Webuye bila ufw allow ssh. Dirisha halikukatika, nikadhani mambo sawa, nikaaga. Jioni nikakuta mlango umefungwa. Nililipa nauli ya matatu kwenda na kurudi kwa ajili ya kuandika maneno matatu.

Wa Kondele
Na mimi nilivyokuwa nikiwaambia watu Linux haiingiliwi!

Wa Nakuru
Omera, 2024 mlango wa siri uliingizwa kwenye xz, programu ya kubana faili, matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Mtengenezaji programu Andres Freund aliugundua kwa sababu ssh yake ilichelewa kama nusu sekunde. Wewe pota 22 yako iko wazi?

Wa Kondele
Nimefungua auth.log sasa hivi. Ngojeni nizime rauta, narudi.